Kabla Hujasema ni Meno

Huku kwetu Lamu mtoto akilia sana, kuna majibu mawili yanayotoka kabla mama hajamaliza kueleza. Kama amefika miezi minne na kuendelea, ni meno. Kama ni mdogo zaidi, au ni mnono na mzuri wa kutazamwa, ni jicho. Majibu haya yana raha yake, maana ukishayatamka kazi imekwisha. Hakuna tena wa kuuliza kilio kilianza lini, mtoto amekojoa mara ngapi tangu asubuhi, wala amevishwa nini.

Mimi si daktari. Ni mama wa wanne hapa Langoni, na wa kwanza nilimwacha siku tatu na maumivu ya sikio huku nikimsugua ufizi, kwa sababu kila aliyeingia mlangoni alisema ni meno na mimi nikaona haya kuwapinga. Siku ya tatu usaha ukatoka sikioni, ukalowesha mto. Tangu hapo naanza na maswali, jibu linafuata. Jicho silikatai, na dua ni dua. Soma sura za Falaq na Nas, umpulizie mwanao, kisha uhesabu nepi.

Tafuta hapa chini dalili inayokuhusu. Si lazima usome yote.

Analia kila jioni, magharibi mpaka watu walale

Ana wiki mbili au tatu hadi miezi mitatu. Mchana ni mtulivu, ananyonya, anaongezeka uzito. Ikiadhiniwa magharibi tu anakunja miguu, uso unaiva, analia kwa saa mbili, saa tatu. Kwetu twasema mchango umempanda.

Kilio cha namna hii huzidi mpaka kwenye wiki ya 6 hivi, halafu hupungua chenyewe, na watoto wengi wakifika miezi 3 au 4 kimekwisha. Ndiyo maana kila dawa ya mchango mjini ina mashahidi wake. Dawa yoyote ukiianza wiki ya saba itaonekana imefanya kazi.

Kabla ya dawa, itazame saa yenyewe. Magharibi ndipo nyumba zetu zinapojaa. Watoto wametoka chuo cha Kurani, wageni wamekuja, runinga inasema, taa zote zinawaka, na mtoto mchanga amekwisha kupita mikononi mwa watu kumi, kila mmoja na manukato yake. Mtoto wa wiki tano hana namna ya kusema amechoka. Mwingize chumba cha ndani, washa taa moja, mweke wima begani na utembee naye polepole. Akimaliza kunyonya mpe nafasi ya kucheua kabla ya kumlaza. Wangu wa tatu alinyamaza kwa sauti ya maji yanayomiminwa kwenye ndoo, na mume wangu alimimina ndoo hiyo hiyo wiki mbili.

Mvuje, ile dawa ya kunuka, uliofungwa kwenye kitambaa ukaning'inizwa pembeni sina ugomvi nao, unanuka tu. Wa kunyweshwa ndio sitaki. Na asali hapana kabisa kabla ya kutimiza mwaka, hata ncha ya kidole, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mchanga haliwezi kuvizuia, na sumu yake hulegeza misuli mpaka ile ya kupumulia.

Si mchango iwapo ana homa, anatapika matapishi ya rangi ya majani kibichi, tumbo limekuwa gumu kama ngoma, choo kina damu, au amekataa kunyonya. Hapo ni hospitali, usiku huo huo.

Analia mchana wa kaskazi, na shingo ina vipele

Hili ni letu hasa, na nitalieleza kwa urefu kwa sababu naliona kila mwaka.

Binti yangu wa pili alizaliwa mwishoni mwa Januari. Februari upepo wa kaskazi ukipoa mchana, ndani ya nyumba za mawe kunakuwa kama ndani ya chungu. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, aliogopa upepo kuliko joto. Mtoto alikuwa na kofia ya sufu iliyoletwa kutoka Nairobi, soksi, flana, na shali juu yake. Alilia siku nzima. Wakasema ni jicho, wakafukiza. Alasiri moja nikabaki naye peke yangu nikamvua kofia. Nywele zilikuwa zimegandana kwa jasho. Nyuma ya shingo kulikuwa na vipele vidogo vyekundu kama punje za mtama, na ndani ya mikunjo poda niliyompaka asubuhi ilikuwa imekuwa uji. Nikampangusa kwa kitambaa chenye maji ya kawaida, nikamwacha na nepi peke yake juu ya leso, madirisha wazi. Hata chai yangu haijapoa alikuwa amelala.

Mama mkwe aliporudi alimtazama muda mrefu. Akasema, "Haya, lakini usiku utamvika." Usiku nikamvika fulana nyepesi, na neti juu, na yakaisha kwa amani.

Vipele vya joto ni jasho lililokosa njia ya kutoka. Kwa hiyo kila kinachoziba ngozi kinavizidisha: poda inayoganda, mafuta ya nazi yaliyopakwa mazito, nguo za nailoni. Muogeshe mara mbili kwa siku, mkaushe mikunjo kwa kugusagusa bila kusugua, na umvike pamba nyepesi. Ukitaka kujua kama ana joto au baridi, gusa nyuma ya shingo au kifuani. Viganja na miguu ya mchanga huwa baridi hata akiwa anatoka jasho, na hapo ndipo mabibi wengi hudanganyika.

Vipele vikianza kutoa usaha, au ngozi ikawa nyekundu na ya moto kuvizunguka, vimeingiwa na vijidudu na vinataka dawa.

Na maji? Kabla ya miezi sita mtoto anayenyonya hahitaji maji ya kunywa, hata kaskazi ikiwa kali. Maziwa ya mama sehemu kubwa ni maji. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na wewe ndiye unywe maji.

Ananyonya kila saa, na watu wanasema maziwa hayatoshi

Usipime kwa kilio, wala kwa ulaini wa matiti. Pima kwa kinachotoka. Kuanzia siku ya 5 au 6, nepi zilizolowa 6 au zaidi kwa siku nzima, usiku na mchana, na mkojo usiokoza rangi, ni ishara kwamba maziwa yanaingia. Mimi niliziacha nepi za vitambaa kwenye kamba mpaka jioni nikazihesabu zote pamoja. Ukitumia za dukani, weka kokoto moja kwenye kikombe kila ukibadilisha.

Nepi zikiwa pungufu, tazama anavyoshika. Mdomo uwe wazi kabisa, mdomo wa chini umepinduka nje, kidevu kimegusa titi, na sehemu kubwa ya weusi wa chuchu imeingia kinywani. Chuchu ikikupasuka na kukuuma, mara nyingi ni kwamba ameshika ncha peke yake, na akishika ncha hapati maziwa, ndipo anakaa titini saa nzima. Mtoe kwa kuingiza kidole pembeni mwa mdomo, umshike upya. Muombe mama mwenye uzoefu akae pembeni akutazame, kwa sababu kwa maneno matupu hili halifundishiki.

Uzito ndio hakimu. Mchanga hupungua kidogo siku za mwanzo na hutakiwa awe amerudia uzito wa kuzaliwa akifika wiki mbili hivi. Mpeleke kliniki na kitabu chake, na uutazame mstari kwenye chati, usikubali kuambiwa tu "yuko sawa".

Jicho, lakini lile la usoni

Jicho moja linatoa machozi na tongo tangu kuzaliwa, lakini weupe wake ni safi: mara nyingi ni mfereji wa machozi haujafunguka. Pangusa kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa, kutoka upande wa pua kwenda nje, pamba mpya kila mara. Wengi hufunguka wenyewe ndani ya mwaka. Kope zikivimba na usaha ukawa mwingi ndani ya mwezi wa kwanza, usisubiri hata siku moja.

Wanja weka pembeni. Najua unampendeza, lakini wanja mwingine una madini ya risasi, na mtoto akijifuta jicho mkono huishia kinywani.

Choo

Anayenyonya tu, akishapita wiki ya sita, anaweza kukaa siku kadhaa bila choo na asiwe na tatizo, mradi kikija ni laini na yeye anacheza. Usimtie sabuni. Mkubwa wa miaka miwili anayejibana pembeni ya mlango, amekunja uso, huyo kinamuuma na anakizuia, na kadiri anavyokizuia kinazidi kuwa kigumu. Punguza maziwa ya ng'ombe na mikate, ongeza papai, embe na maji.

Kuharisha ndiko kunakotisha, na kinachoua hapo ni kukauka maji. ORS, ile pakiti ya dawa ya chumvichumvi, iwe nyumbani kabla ya kuhitajika. Soma pakiti inataka maji kiasi gani, maana kuna za nusu lita na za lita nzima, na ukikosea inakuwa chumvi mno au hafifu. Kama hakuna pakiti: lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Chini ya miaka miwili, mpe mililita 50 hadi 100 kila akishaharisha, kwa kijiko. Akitapika subiri dakika kumi, kisha anza tena polepole zaidi. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Omba na vidonge vya zinki: miligramu 10 kwa siku akiwa chini ya miezi 6, miligramu 20 akizidi hapo, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Watu wengi huacha siku ya tatu.

Dafu zuri, lakini halishiki nafasi ya ORS.

Macho yakibonyea, utosi ukaingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi, hawezi kunywa, au kuna damu kwenye choo: ondoka.

Mwili una moto

Hapa ndipo neno meno linapoponza. Meno yanaweza kumtia udenda, kumfanya atafune kila kitu na awe na hasira. Homa ya 38 hayaleti. Ukiona homa, chanzo kiko pengine, na pwani yetu cha kwanza kupimwa ni malaria, tone la damu kidoleni. Nyumba zetu za zamani zilikuwa na samaki wadogo ndani ya birika la maji wa kula viluwiluwi vya mbu. Siku hizi tuna mapipa ya plastiki, na hakuna anayeweka samaki humo. Yafunike.

Nunua themomita. Chini ya miezi miwili, joto la 37.5 kwapani au zaidi ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, na mchanga aliyepoa asipate joto hata akifunikwa ni hivyo hivyo. Aliyezidi umri huo, tazama mambo mengine zaidi ya joto: ananyonya? anakutazama? anapumua vipi? Pumzi zihesabu dakika nzima, akiwa ametulia, kwa kutazama tumbo likipanda. Pumzi 60 au zaidi chini ya miezi 2, 50 au zaidi mpaka mwaka, 40 au zaidi mpaka miaka mitano, ni za haraka mno. Nyama ya chini ya mbavu ikibonyea kila akivuta pumzi, hata usihesabu.

Mdogo wangu ameolewa Siyu, kisiwa cha Pate. Alinipigia simu alasiri moja. Mwanawe wa miezi saba alikuwa na moto tangu jana, anakohoa, leo titi analishika na kuliacha. Wazee wameona vijino viwili chini, wameshahukumu. Nikamwambia aweke simu mezani, amlaze mapajani, ahesabu. Nikamsikia anahesabu kwa sauti, na sauti ikawa inapungua kadiri anavyosogea. Hamsini na nane.

Swali langu la pili halimo kwenye kitabu cha kliniki: maji ya bahari yanaanza kutoka saa ngapi? Mwenye kuishi Siyu au Faza ananielewa. Maji yakitoka, mkono wa bahari wa Siyu unabaki tope na mikoko, na Mkanda, ule mlango wa bahari kati ya Manda na bara, nao haupitiki kila saa. Mama wa mjini anaweza kusema tutatazama mpaka usiku. Mama wa Pate akisema hivyo amesema mpaka kesho. Wakaenda kwanza kituo cha hapo hapo, nesi akampa dozi ya kwanza na barua, na boti ikaondoka maji yangali juu. Ilikuwa nimonia. Siku ya nne alikuwa ananyonya, na vijino vyake viwili.

Kwa hiyo ukiwa visiwani, dalili zako za kuondoka zisogeze mbele, na namba ya nahodha iwe kwenye simu ya kila mtu mzima nyumbani. Akishikwa na degedege, mlaze ubavu, ondoa vilivyo karibu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, tazama saa, na mtu mwingine awe anatafuta boti. Hata akizinduka mwenyewe, mpelekeni.

Panadoli ni kwa uzito wake, si kwa umri wa mtoto wa jirani. Na kikohozi kisichokwisha hakitibiwi kwa kukata kimeo. Nimeona mtoto aliyekatwa, damu haikukatika kirahisi, na kikohozi kilikuwa pale pale.

Hali chakula, lakini analamba ukuta

Mwanangu wa mwisho, mwaka na nusu, alikuwa na kona yake ukumbini. Nyumba yetu ya mawe na chokaa, chumvi imekwisha kuila plasta, inadondoka unga. Nilimkuta amepiga magoti, ulimi ukutani, mdomo mweupe kama aliyekula kaimati na sukari. Sahani ya wali na samaki iko nyuma yake, nzima.

Tukacheka. Kisha nikamfungua viganja, vikawa vyeupe karibu kama sahani. Mtoto anayetafuta udongo, chokaa au mkaa mara nyingi damu yake ina upungufu wa madini ya chuma, na minyoo huweza kuwa nyuma yake. Kliniki walimpima damu, wakampa dawa ya chuma na ya minyoo. Ila waliponiuliza anakunywa nini, nikajibu bila kufikiri: chai. Asubuhi chai na mahamri, alasiri chai na mkate wa mofa. Majani ya chai huzuia mwili kuchukua chuma kilicho kwenye chakula, na tumbo dogo likijaa chai halina nafasi ya wali.

Chai nimeiondoa. Vilio vilikuwa siku tano. Sasa ni samaki aliyepondwa, kunde, maini mara moja kwa wiki, na ndimu juu ya mboga kwa sababu ukali wake husaidia chuma kuingia. Uji ukae kwenye kijiko, usimiminike kama maji. Mtu mzima yeyote anayempa biskuti saa moja kabla ya chakula amempa chakula, asije kulalamika kwamba mtoto hali.

Mtoto yule yule alikuwa akinyimwa kitu analia mpaka anazima, midomo inageuka buluu, mwili unalegea, halafu anavuta pumzi na kuendelea na ugomvi. Majirani walitaja jini. Daktari akasema watoto wengine huzuia pumzi hivyo kwa hasira au maumivu, na huwa zaidi kwa wenye upungufu wa damu. Mlaze chini, usimtikise, usimmwagie maji. Mara ya kwanza lakini apimwe, ili isije ikawa degedege. Damu yake ilipopanda, kuzima kukapungua, mpaka sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Halali usingizi

Anza na usingizi wa mchana. Anayelala baada ya alasiri mpaka magharibi hatalala saa mbili usiku, hata umwimbie vipi. Mwamshe mapema, siku tatu nne za kilio, kisha usiku hujirekebisha. Ramadhani usijisumbue, nyumba nzima iko macho. Rekebisha baada ya Idi.

Anayeamka usiku akikohoa au kujikuna, huyo si tabia. Geuza godoro, tazama kunguni, tazama kama neti ina tundu. Ya kwetu ilikuwa na tundu la ukubwa wa kidole upande wa ukutani, na mimi miezi miwili nilikuwa nalaumu meno ya mwisho.